Taa ya Wiki Moja Baada ya Idi

Nyumbani kwetu tulimwita Bibi Jirani, na hata alipoacha kuwa jirani jina halikumtoka. Sisi tulihama Wattaya, mtaa wetu wa zamani hapa Maskati, naye akahama. Yeye alikwenda Al Amerat, ng'ambo ya milima, kwenye nyumba mpya ya mwanawe. Mimi niliolewa nikahamia Madinat Sultan Qaboos. Baina yetu ukawa mwendo wa nusu saa kwa gari, siku ambayo barabara ina huruma. Bado nikishika simu Ijumaa asubuhi mume wangu alikuwa akiuliza kama nazungumza na Jirani. Amefariki mwezi wa Rajabu uliopita. Jina lake na ukoo wake sitavitaja, maana waliomjua hawahitaji kutajiwa, na yeye mwenyewe alikuwa hapendi watu wanaoanza kumjua mtu kwa kuuliza babu yake nani.

Nianze na chakula, kwa sababu ndicho kilichotufanya sisi watoto wa mtaa tumwogope. Ramadhani, wakati wa kupelekeana sahani kabla ya Magharibi, kila nyumba ilituma ilichojaliwa: kaimati, katlesi, vitumbua, sambusa za nyama zilizoiva rangi. Sahani ya Bibi Jirani ilikuja na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Kilikuwa kimekunjwa mfano wa sambusa lakini kimechemshwa kwa maji, ndani mna viazi vya kuponda na jibini ya chumvi, juu kimemwagiwa samli na vitunguu vya kukaanga. Tuliziita sambusa za kuchemsha. Yeye alisema jina lake pirogi. Kesho yake alikuwa na desturi ya kupita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu amekula ngapi. Mama yangu, ambaye hakutaka kusema uongo ndani ya mwezi mtukufu, alikula mbili mbele yetu kila mwaka ili akiulizwa awe na la kujibu. Nilizichukia zile sambusa miaka kumi na tano. Leo nikiletewa sahani moja nitalia.

Ukimuuliza kajifunzia wapi mapishi hayo, alijibu "Kwa Wapolandi," kama vile Wapolandi ni watu wa mtaa wa pili, nyuma ya msikiti. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba hakuwa akitania. Utoto wake haukuwa Unguja kama wa mama zetu wengi. Alikwenda Unguja baadaye, kwa kuolewa, na utoto wake ulikuwa bara, Uganda, upande wa Masindi, ambako baba yake alikuwa na duka. Na karibu na duka hilo, wakati wa vita vikubwa, uliota mji wa Wapolandi katikati ya msitu.

Mji huo alinichorea mara nyingi juu ya kibao chake cha kukandia, kwa kidole, ndani ya unga. Njia kuu hapa. Shule hapa. Hospitali pale chini. Ukumbi wa michezo ya kuigiza, ambako watoto wa wenyeji waliruhusiwa kuchungulia madirishani. Kanisa juu kidogo, la matofali, walilolijenga wenyewe. Watu wale, alisema, wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Vita viliwatoa kwao, wakapelekwa nchi za barafu, kisha wakapitishwa Uajemi, wakapanda meli mpaka Mombasa, halafu gari moshi, halafu malori. Walipofikishwa msituni walikuta vibanda vya udongo na nyasi tu, basi. Baada ya muda si mrefu pakawa na njia zilizonyooka, na mbele ya kila mlango bustani ya maua.

Maua ndiyo yaliyomkaa rohoni. Alikuwa akisema walijua kabisa kwamba watakwenda zao vita vikisha, wakapanda vile vile. Na hapo, akiwa ameshika mchi wa kusukumia, alikuwa akinitazama kama mimi ndiye niliyekosea. Maana wazee wetu waliofika Maskati kutoka Unguja na bara walifanya kinyume chake. Masanduku yalikaa miaka bila kufunguliwa vizuri, vyombo vya udongo vikiwa bado vimefungwa magazeti, kila mtu akingoja kitu ambacho hakukitaja. Bibi Jirani siku ya kwanza alipofika Wattaya alipanda asumini kwenye kopo la samli kabla hata hajajua maji yanapatikana wapi. Mama alisimulia hayo kwa kumcheka. Asumini ile ikatambaa ukuta mzima, ikavuka kwetu, na mimi nimevalishwa maua yake siku ya arusi yangu. Ukuta wenyewe haupo tena. Mahali pale leo pana duka la magari lenye vioo kuanzia chini hadi juu, na nikipita hapo hupunguza mwendo, jambo linalowakasirisha wa nyuma yangu.

Nadhani ndiyo maana aliuhifadhi mji wa Wapolandi kwa bidii hiyo. Alikuwa ameshaona mji mzima ukijengwa na ukiondoka mbele ya macho yake kabla hajafika miaka kumi. Akaja akaona Unguja yake ikiondoka. Akaja tena akaona Wattaya yetu, Wattaya ya kuazimana nazi na kuitana kwa Kiswahili juu ya kuta, ikiondoka pole pole, nyumba moja moja, kuelekea milimani. Watu wengine wanapofikwa na hayo huwa wachungu. Yeye alikuwa mkali tu, na ukali si uchungu.

Na kwa ukali, Mungu amrehemu, alijaliwa. Alimpa kila mtu miche ya maua lakini ukikata ua moja bustanini kwake bila ruhusa uliusikia usemi. Alitaka watoto wanawe mikono kila walipoingia, hata kama wametoka chumba cha pili. Alikuwa hali mkate uliokatwa kwa kisu kibutu. Aliwasuta mashoga zake kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe alifika mapema mno, ukamkuta ameketi sebuleni kwako huku wewe bado una mafuta kichwani. Alikuwa mchoyo wa sukari na mkarimu wa kila kitu kingine. Ukimwambia umependa kitambaa alichodarizi, alikutolea mezani pale pale, na wewe ukabaki na aibu.

Alidarizi kwa kuhesabu, na alihesabu kwa Kipolandi. Yeden, dva, tshi. Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni dua. Kipolandi chake kilikuwa kimebakia pale pale alipokiacha, kwenye umri wa miaka minane tisa. Siku moja nilikuwa naye kwenye duka kubwa la Madinat Sultan Qaboos, mbele ya rafu za maziwa, akasimama ghafla akanishika mkono. Mume na mke wa Kizungu walikuwa wakibishana kuhusu mtindi. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasalimia Wazungu wote aliokutana nao kwa Kipolandi, na Waingereza na Wajerumani wote wakamtumbulia macho. Hawa alipowasalimia waligeuka. Mwanamke akafurahi, akashika mikono ya Bibi, akammwagia maneno kama mvua. Bibi akamtazama, akafungua mdomo, akatoa alichokuwa nacho. Baadaye ndani ya gari nikamuuliza kamwambia nini. Akasema kamwambia anawe mikono na asikimbie kwenye matope. Hakuwa na maneno mengine. Alijua Kipolandi cha kuamrishwa mtoto, hakujua cha mtu mzima kuzungumza. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari kando. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba yule mwanamke hakushangaa, aliitazama kweli mikono yake.

Sasa taa.

Kila mwaka, wiki moja baada ya Idi Kubwa, jua linapozama, Bibi Jirani aliweka taa juu ya ukuta wa uani. Haikuwa taa ya duka. Lilikuwa kopo la maziwa ya chai, lililokatwa juu na kutobolewa matundu kwa msumari, matundu madogo madogo yaliyopangwa mfano wa ua, na ndani kipande cha mshumaa. Likawaka mpaka likajizimia lenyewe. Sisi watoto tulipouliza, alisema ni ya mbu. Tuliridhika. Watu wazima hawakuridhika, na mtaani palikuwa na maneno kidogo, mwingine akisema ana mtoto aliyemfia, mwingine akisema mambo ya majini. Marehemu mumewe hakuipenda taa ile. Lakini ndiye aliyemhifadhia makopo, na kuyatoboa alikuwa akiyatoboa yeye, kwa nyundo, akinung'unika.

Huyu ni mwanamke ambaye sikumjua kusema uongo hata wa kumfurahisha bibi arusi. Kwa taa ile alidanganya mtaa mzima miaka arobaini.

Kweli yake aliniambia alipofariki mama yangu. Nilikuwa nimekaa kwake nimeinamisha kichwa, sina la kufanya, akanipa kopo na msumari nitoboe, akaanza kusimulia. Kulikuwa na mtoto wa Kipolandi jina lake Zosha, mwenzake wa kucheza, aliyekuwa akija dukani kununua uzi kwa ajili ya mama yake na kubaki mpaka aitwe. Zosha akafa kwa homa. Akazikwa pale pale mjini kwao, ubavuni mwa kanisa. Wapolandi walikuwa na siku moja katika mwaka ya kuwasha mataa juu ya makaburi yote, na kwa kuwa vioo havikupatikana msituni, waliwasha ndani ya makopo waliyoyatoboa. Siku hiyo mwaka wa mwisho, walipokuwa wameshaambiwa watahamishwa, mama yake Zosha alimchukua binti wa mwenye duka mpaka kaburini. Akampa kopo. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe washa. Kila mwaka. Siku hii." Binti akasema ndiyo. Mama yule akapanda lori na wenzake. Wala haikuja barua.

"Siombi kitu kwa taa," Bibi aliniambia siku hiyo, maana aliona ninavyomtazama. "Mola wangu nnamwomba mara tano kwa siku. Hii amana. Nimesema ndiyo kwa mtu, basi."

Kwa muda aliokuwa bado Uganda aliipeleka kaburini penyewe. Alipoolewa Unguja, aliiweka ukutani, akaielekeza kwa nia. Maskati, vile vile. Alipohamia Al Amerat mwanawe alimwomba kwa adabu aiache, mtaa mpya, majirani wapya, watu watasema. Kisha akamnunulia mshumaa wa betri unaomemeteka. Bibi alimshukuru, akauweka chooni.

Miaka miwili iliyopita magoti yalimshinda, na mwanawe akamletea msichana wa kumsaidia, kutoka Uganda. Nilikuwepo siku alipoingia, amechoka na safari, macho chini, begi moja. Tulitegemea Bibi aanze na kunawa mikono. Badala yake alimuuliza kwao wapi. Msichana akasema Masindi. Bibi akamuuliza jina lake la pili, lile la heshima ambalo Wanyoro humpa mtoto pamoja na jina lake, ambalo hutumika kwa kumsalimia. Msichana akanyanyua uso. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo katika nchi hii, na sijui kama alitegemea kuulizwa tena. Akasema ni Abwoli. Bibi akamtajia na lake, alilopewa na majirani wa baba yake dukani. Msichana alikaa chini sakafuni akalia, na Bibi akamwacha alie, kisha akamwambia akanawe mikono.

Tangu siku hiyo hatukumsikia mtu akimwita kwa jina lililoandikwa kwenye pasipoti. Abwoli alikuwa Mkatoliki, wa kusali rozari jikoni kwa sauti ndogo, na Bibi alimwambia aongeze sauti, asije akaifanya nyumba yake kuwa ya kunong'ona. Alimfundisha pirogi. Abwoli aliupenda mji ule wa unga juu ya kibao kuliko sisi sote, kwa sababu yeye kanisa lile alilijua. Bado lipo, alisema. Bibi yake mzaa mama husali hapo. Na makaburi bado yapo, watu huyafyekea nyasi. Bibi Jirani alimfanya ayarudie maneno hayo, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyoro.

Idi Kubwa ya mwaka jana ilituangukia kwenye mwezi wa sita, joto la kupasua mawe. Wiki moja baadaye nilikwenda Al Amerat na halua, nikamkuta Bibi uani amekaa kwenye kiti, kopo liko tayari juu ya ukuta. Abwoli akaleta kiberiti. Nadhani alikuwa ameshaambiwa habari ya mbu mwaka wa kwanza, maana alitazama huku na huku, akasema, "Mama, lakini hapa hakuna mbu. Hata inzi wamekimbia joto."

Bibi akamweleza. Pengine kwa sababu aliyeuliza ametoka kule kule. Alimweleza yote: Zosha, homa, lori, ahadi. Akamtuma ndani alete kitabu chake cha dua, na ndani ya kitabu kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kimekuwa rangi ya chai. Ahadi ilipofanyika, alisema, alirudi dukani mbio kumwambia baba yake asije akaisahau siku, na baba akamwandikia. Nilikisoma mimi. Hati nzuri ya Kiarabu: kumi na saba Dhulhijja, taa ya mtoto.

Abwoli akauliza huo ni mwezi gani. Nikamwambia mwezi wa Haji, wiki ile baada ya Idi. Akauliza unakuja lini. Nikamwambia hauna lini, unahama, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja.

Akafikiri, kiberiti mkononi.

"Mama," alisema, "hiyo siku ya makaburi sisi pia tuko nayo. Haihami. Iko siku ya kwanza ya Novemba. Kila mwaka iko hapo tu."

Nilifahamu kabla Bibi hajafahamu, na nilitamani nimzibe mdomo yule msichana. Baba yule aliandika tarehe kama alivyoandika kila kitu dukani kwake, kwa miezi yetu, na mwaka ule siku ya Wapolandi ilitokea kuangukia hapo. Mtoto akaibeba hivyo. Na miaka yote aliyokuwa na Wapolandi siku yao ilikuwa karibu na Idi, kwa hiyo kichwani mwake vitu viwili hivyo vilifuatana, kama Shaaban na Ramadhani. Taa ilikuwa imezunguka mwaka mzima, mara mbili na zaidi, ikitafuta siku iliyokaa pale pale. Na mimi! Nilifanya kazi wizarani miaka ishirini na saba, na kila barua iliyopita mkononi mwangu niliitia tarehe mbili, ya Hijria upande huu na ya Miladia, yaani ya Kizungu, upande ule. Nilijua habari ya taa miaka kumi. Haikunipitia akilini.

Adhana ya Magharibi ikaingia. Taa haikuwashwa. Akaomba ashikwe mkono aingie ndani, akaswali, akalala.

Wiki nzima hakukanda unga. Mwanawe alidhani ni moyo, akampeleka kwa daktari. Mimi nilijua, na kwa kutaka kusaidia nilifanya ujinga. Nilikaa na simu yangu nikapiga hesabu ya miaka yote, nikamwendea kumwambia kwamba kuna miaka tarehe hizo mbili zilikutana, au zilikaribiana sana. Aliniuliza mingapi. Nikasema miwili, Bibi, mitatu tukiutia na ule wa kwanza wenyewe. Alinitazama. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau, na aliyasema bila kulia.

"Mama wa watu kaniachia mwanawe. Kaondoka akijua mwanawe ana mtu. Mimi n'kamwacha gizani."

Alikuwa na miaka themanini na kitu, moyo umechoka, na jambo moja tu alilolitaka lilikuwa kwenda mbele ya haki bila amana ya mtu shingoni.

Mkataba wa Abwoli ulikwisha mwezi wa kumi. Tulidhani Bibi atamsihi abaki. Hakumsihi. Alichagua kopo, akalitoboa mwenyewe, siku tatu kwa ua moja. Akalifunga kwenye kanga akamtilia begini. Akamkalisha mbele ya kibao, akauchora mji mara ya mwisho: kutoka mlango wa kanisa, shuka mkono wa kushoto, safu ya tatu, mwisho kabisa, karibu na mti. Abwoli akaurudia kwa kidole chake pembeni mpaka Bibi akaridhika.

Siku ya kwanza ya Novemba nilikuwa Al Amerat tangu Alasiri. Kwetu tulikuwa tumeshaswali Isha simu ilipolia, kwao jua ndiyo linazama. Nilimshikia Bibi simu mbele ya uso. Tuliona nyasi, kisha viatu vya Abwoli, kisha kanisa. Bibi alisema ni dogo. Kisha akasema hapana, ndilo.

Akamwongoza. Mlango, kushoto, safu ya tatu. Mti haukuwepo. Mwisho wa safu kulikuwa na makaburi madogo matatu yaliyoshikana, saruji imeliwa na mvua, maandishi hayasomeki. Abwoli alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya kila moja, kama alivyofundishwa kwenye unga. Hakuna jina.

"Mama, ni lipi?"

Bibi hakujua. Niliona kwamba hakujua, na nikaona linavyomuuma. Akasema, "Weka katikati yao. Watagawana."

Abwoli akawasha. Ua la matundu likatokea juu ya saruji. Nyuma yake tuliona mianga mingine, mingi, maana watu wa kanisa wa kule nao huwawashia wafu wote siku hiyo, wa kwao na wa Wapolandi pia. Bibi aliiona. Akauliza kama kila mwaka huwa hivyo. Abwoli akasema ndiyo, tangu akiwa mdogo.

"Basi hakunihitaji," Bibi akasema, polepole.

Abwoli akaigeuza simu tukamwona uso wake. "Mama, leo hapa watu ni wengi. Lakini mwezi wa sita hapa hakuna mtu. Mwezi wa tatu hakuna mtu. Wewe uliwasha mwezi wa sita. Uliwasha wa tatu, wa nane, wa kwanza, yote. Wenzake wako na Novemba tu."

Bibi akamuuliza Abwoli kama amekula. Akamwambia arudi nyumbani kabla ya giza, na anawe mikono.

Tulipomaliza alitaka chai. Nikamtengenezea, na kopo tupu la maziwa nikataka kulitupa, akaninyooshea mkono nimpe. Akaligeuza geuza. Akanirudishia.

"Ya Novemba imepata mwenyewe," alisema. "Hii ya wiki ya Idi nnakuachia wewe."

Nikamwambia, Bibi, lakini sasa tunajua kwamba si siku yake.

"Nnajua. Lakini keshazoea."

Mimi ni mtu wa tarehe, na jambo hili halina tarehe sahihi popote. Mume wangu ana maoni yake kuhusu mataa na makaburi. Nilikaa na kopo lile mapajani nikitafuta namna ya kukataa kwa heshima, na Bibi akinywa chai yake kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona kwamba sitakataa. Nikasema ndiyo. Huo ndio mkutano wetu wa mwisho wa maana. Baada ya hapo nilimkuta hospitali tu, na kule hakuwa na nguvu za kunisuta.

Idi Kubwa bado wiki tatu. Kopo nimeshalitoboa, si ua zuri sana, liko dirishani jikoni karibu na asumini. Jana mume wangu alilishika, akalitazama matundu yake, akaniuliza ni la nini.

Nikamwambia ni la mbu.